Unasoma usanifu wa ndani Dar? Mchoro wako upite Keko kabla ya kufika kwa mwalimu

Msimu wa field (mafunzo kwa vitendo) ukikaribia, wanafunzi wa usanifu wa ndani wananiandikia kuomba nafasi kwenye karakana yetu. Karibu wote wanaambatanisha picha walizotengeneza kwenye kompyuta: sebule yenye mwanga mzuri, sofa la kijivu, taa inayoning'inia juu ya meza ya vioo. Ni kazi nzuri, na nafahamu usiku uliokeshwa kuzimaliza. Swali langu kwao wote ni moja: kati ya hivi, kipi kimeshatengenezwa, na nani anakitumia?

Nauliza hivyo kwa nia njema. Nimefanya kazi hii Dar miaka ya kutosha kuamini kwamba mafanikio ya mwanafunzi wa fani yetu yanaanza siku fundi anapotengeneza kitu kutokana na mchoro wake, mwanzo hadi mwisho, bila kumpigia simu kuuliza "hapa ulimaanisha nini?" Alama za darasani zina nafasi yake, na sishauri mtu azipuuze. Ila mteja wa Mbezi au Kigamboni hatakuuliza GPA. Atakuuliza kabati litaingia lini na litakaa muda gani.

Kwa hiyo mdogo wangu, uwe Chuo Kikuu Ardhi pale Survey au chuo kingine chochote, usisubiri mwaka wa mwisho. Nenda Keko, kwa mafundi samani. Chukua mchoro wa kazi ya darasani kabla hujauwasilisha. Msalimie fundi, subiri amalize ubao anaouranda, kisha mwombe akusomee mchoro wako. Usimweleze chochote. Mwache asome mwenyewe, wewe angalia kidole chake kinasimama wapi.

Mara nyingi kitasimama kwenye unene wa mbao. Tuseme umechora kabati la droo lenye upana wa milimita 600. Ubao wa MDF (ule wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi) unaotumika sana kwa kazi hizi una unene wa milimita 18, na kabati lina pande mbili, kwa hiyo ndani umebakiwa na 564. Reli za kawaida za droo, zile zenye gololi, zinahitaji karibu milimita 13 kila upande. Droo yenyewe sasa ni 538, wala si 600. Mwanafunzi aliyechora droo ya 600 ndani ya kabati la 600 amechora kitu kisichoweza kuwepo duniani, na programu ya kompyuta haikumwambia, kwa sababu kwenye skrini vitu viwili vinaweza kukaa mahali pamoja bila shida. Fundi atamwambia kabla chai haijapoa. Vivyo hivyo kwenye ubao mzima: unauzwa futi 8 kwa 4, yaani takribani sentimita 244 kwa 122. Ukichora rafu za sentimita 125, urefu wa ubao unatoa moja tu badala ya mbili, na mteja anaweza kulazimika kununua ubao wa pili. Ukichora 120, mbili zinatoka, na hesabu yake inabadilika kabisa.

Kuna adabu yake. Fundi anakula kwa mikono yake, na ukimshika saa moja umemla saa moja. Usiende wakati ana oda ya kutoa. Kama bumu (fedha ya mkopo wa chuo) limeingia, mpe kazi ndogo ya kulipia: kistuli, fremu, hata kona moja tu ya kabati iliyounganishwa vizuri. Kona hiyo itakufundisha namna viungo vinavyoshikana, na utakuwa na kitu cha kushika mkononi siku ya juri, walimu wanapokagua kazi yako. Wenye nafasi likizo ndefu waulize VETA Chang'ombe kuhusu mafunzo ya useremala. Hutakuwa seremala kwa muda mfupi, lakini ukishasukuma randa mwenyewe hutachora tena mkunjo wa mbao kana kwamba ni karatasi.

Kazi ya mwanafunzi ninayoitaja kila nikialikwa kuzungumza na vijana ni jiko dogo la nyumba ya kupanga, Tabata. Dada mmoja aliyekuwa field kwetu alikabidhiwa jiko hilo. Alikuja na mchoro safi, makabati ya chini yamejaa ukuta mzima, kila mlango umefungwa. Nikamwomba kabla hatujakata ubao akakae na mama anayeishi humo asubuhi nzima anapopika, asiseme kitu, aandike tu.

Alirudi na mchoro mwingine kabisa. Aliona kwamba mama yule anakuna nazi kila siku, na mbuzi inahitaji mtu akae chini, aweke sinia mbele. Kwa hiyo sehemu moja ya chini ya meza ya jiko iliachwa wazi, mbuzi inaingia humo na ikitolewa kuna nafasi ya kunyoosha miguu. Aliona madumu na ndoo za maji ya akiba, kwa sababu mgao unakuja bila taarifa, akayapa sehemu karibu na sinki ili yasizibe mlango. Na mtungi wa gesi wa kilo 15 akautengea kabati lenye matundu ya hewa chini kabisa, usawa wa sakafu, upande unaotazama mlango wa nje. Chini, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa: ikivuja inatambaa sakafuni, na matundu ya juu hayasaidii. Hilo aliliuliza mwenyewe kabla sijamwambia, nikafurahi sana.

Meza aliishusha pia. Vitabu vingi vinatoa sentimita 90, lakini kinachotakiwa ni meza ikae sentimita 10 hadi 15 chini ya kiwiko cha anayepika, na mama yule ni mfupi. Alimsimamisha, akapima kiwiko kwa futi, akatoa. Leo jiko lile linatumika, na mama yule ameshatuletea jirani yake. Kwangu hiyo ni tuzo ya mwanafunzi, hata kama hakuna cheti kilichotolewa.

Jambo jingine linalohitaji mikono na macho ni hewa ya mji wetu. Dar ina unyevu wa bahari na joto, na hilo ndilo linaloamua nini kitadumu. MDF isiyofunikwa vizuri ukingoni ikikaa chini ya sinki itanyonya maji, itavimba, na bawaba zitang'oka. Pale weka plaiwudi inayostahimili maji, au jenga kwa tofali na vigae. Kujua hilo kwa kusoma ni tofauti na kubonyeza ubao uliovimba kwa kidole ukaona unabonyea. Tembelea nyumba za watu ukaombe kufungua makabati ya zamani, wengi watakuruhusu.

Vilevile simama chumbani saa kumi jioni kabla ya kuchagua kitambaa cha pazia. Dirisha la magharibi Dar ni jiko. Jua upepo unatoka wapi: kaskazi inavuma kuanzia mwisho wa mwaka hadi kama Machi, kusi inashika katikati ya mwaka. Kabati refu likiwekwa mbele ya njia ya upepo umemuuzia mteja bili ya umeme ya feni.

Wazee wetu wa pwani walilijua somo la vifaa. Nenda Old Boma, Barabara ya Sokoine, jengo la miaka ya 1860 enzi za Sultani Majid, uangalie kuta nene za mawe ya matumbawe. Katika nyumba za mawe za pwani vyumba vilikuwa vyembamba na virefu kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haikuvuka kirahisi zaidi ya mita 3 hivi. Kifaa ndicho kilichopanga chumba. Mwanafunzi akiliona hilo kwa macho, akapima, anaacha kuchora ukumbi kwanza na kutafuta kifaa baadaye.

Kuhusu potifolio sina mengi. Punguza picha zinazong'aa, weka safari ya kazi moja: mchoro wa kwanza, maandishi ya penseli ya fundi, picha ya kiungo, gharama uliyolipa na tarehe yake (bei za Kariakoo hazikai), kisha kitu kilichokamilika kikiwa na mtu anakitumia. Ukurasa mmoja wa namna hiyo nausoma mara mbili.

Na walimu wangu, naomba kwa heshima: siku ya juri, mkaribisheni fundi mmoja mezani. Aulize anachotaka. Wanafunzi watajiandaa kwa namna nyingine wakijua yupo.

Kwa wanaotaka kuja kwetu field msimu huu: leta mchoro mmoja wa kabati wenye vipimo vyote, pamoja na orodha ya kukata mbao uliyoihesabu kwa mkono. Njoo na futi yako, barakoa ya vumbi maana la MDF si la kuvuta, na viatu vya kufunika vidole. Wiki ya kwanza hutagusa kompyuta.