Pimeni kabla ya kufungua tenki: kwa wadogo zangu wanaoanza umeme wa magari

Wiki iliyopita kijana mmoja wa gereji yetu alinijia akiwa ameshika sensa ya mafuta mkononi, ile inayokaa ndani ya tenki na kupima kiwango cha mafuta, petroli ikimdondokea kwenye viatu, akaniambia, "Fundi, hii imekufa, tuagize nyingine." Nilimwuliza ilisoma omu ngapi, yaani ukinzani wake wa umeme, akanyamaza. Nilimwuliza volti kwenye soketi zilikuwa ngapi, akanyamaza tena. Alikuwa amesoma namba ya kosa P0463 kwenye mashine ya kusomea makosa ya gari, akang'oa kiti cha nyuma, akafungua tenki. Sikumkaripia, kwa sababu kosa hilo nililifanya mimi kabla yake. Lakini yeye ni wa tatu mwaka huu, na uvumilivu wangu umefika mahali pa kuandika.

1. Namba ya kosa hutaja saketi, yaani njia nzima ya umeme, haitaji kifaa. P0463 inasema tu kwamba volti ya waya wa ishara, ule unaopeleka kipimo cha sensa, imepanda kuliko inavyotarajiwa. Huenda sensa imekatika ndani, huenda waya umekatika njiani, huenda ethi (waya wa kurudisha umeme kwenye bodi na hasi ya betri) imepotea, au waya wa ishara umegusana na waya wenye umeme. P0462 ni kinyume chake, volti imeshuka mno, na mara nyingi mtakuta waya umechubuka ukagusa bodi.

2. Msikilizeni mwenye gari mpaka amalize. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo nilipoumia.

Mwaka 2019 dereva teksi mmoja, mtu wa umri wa baba yangu, aliniletea gari dogo la Kijapani akasema hivi: "Mwanangu, nikiweka swichi mshale unapanda vizuri hadi nusu, lakini nikishawasha injini unashuka mpaka kwenye E na taa ya mafuta inawaka." Jibu lote lilikuwa ndani ya maneno hayo, na mimi nilikuwa nimekwisha kuchomeka mashine kabla hajafunga mdomo. Nikaona P0463, nikamwambia sensa imekufa. Tukanunua pampu nzima ya mafuta pamoja na sensa yake, nikafunga, na kwa siku mbili mshale ukatulia, bila shaka kwa sababu nilizitikisa nyaya nilipokuwa nikifunga. Siku ya tatu akarudi. Badala ya kushika multimita, kile kipimo cha volti na omu, nikasema tatizo litakuwa dashibodi, tukafunga iliyotumika, iliyokuja na kilomita za gari jingine. Taa ikaendelea kuwaka. Mwishowe nikamwambia neno ambalo fundi hapaswi kumwambia mteja: asiijali taa, ahesabu kilomita tu.

Alinitii. Akaizoea taa inayodanganya, hadi siku iliposema kweli. Alizimikiwa na gari alfajiri juu ya daraja la Mfugale pale Tazara, Dar es Salaam, akiwa na abiria anayewahi ndege, mteja wake wa kila mwezi. Ndege ikamwacha abiria, na abiria akamwacha mzee. Yeye mwenyewe hakunitukana. Alikuja, akakaa kwenye benchi, akanisimulia kwa sauti ya chini, na upole ule ulinichoma kuliko matusi.

Fundi mmoja mkongwe wa jirani ndiye aliyenitoa gizani. Alichomeka ncha nyekundu ya multimita nyuma ya soketi ya tenki, kwenye waya wa ethi, na nyeusi kwenye hasi ya betri, injini ikinguruma. Ikasoma volti 1.1. Alizima injini, ikasoma karibu na sifuri. Tukafuata waya ule hadi chini ya zulia la nyuma, tukakuta pete yake imefungwa kwenye bodi kwa bolti iliyoota unga wa kijani, maji yalikuwa yameingia humo. Pampu na sensa zilitumia ethi hiyo moja. Pampu inapovuta ampea 5 hivi, ukinzani wa sehemu ya tano tu ya omu unatosha kuinua ethi ya sensa kwa volti nzima, na katika geji ile volti ikipanda maana yake tenki linakauka. Tukapiga msasa, tukakaza: volti 0.04. Kazi ya dakika 15. Gharama ya pampu na dashibodi nilimrudishia mzee kidogo kidogo kwa miezi saba.

3. Kwa hiyo ethi hupimwa ikiwa na mzigo, injini ikiwaka. Mkipata zaidi ya volti 0.1, ufuateni waya huo kabla ya kununua chochote.

4. Jueni mwelekeo wa omu. Toyota nyingi za zamani husoma karibu 110 tenki likiwa tupu na karibu 4 likijaa, ilhali magari mengi ya General Motors husoma 40 likiwa tupu na 250 likijaa. Anayesahau hilo ataitupa sensa isiyo na kosa.

5. Mkono wa boya, ule wa sensa unaopanda na kushuka na mafuta, usogezwe polepole kutoka chini hadi juu huku mkitazama kipimo, kwa maana sehemu iliyolika haionekani ukipima ncha mbili tu. Magari ya 4WD yenye tenki la mifuko miwili mara nyingi yana sensa mbili, pimeni zote. Na hasi ya betri itolewe kabla ya kufungua tenki, huku grainda ya jirani ikiwa imezimwa. Kwa hili sina mzaha na mtu.

Yule kijana nilimrudisha kwenye gari akapime kila kitu kwa mpangilio. Ethi ilikuwa safi na nyaya zilikuwa nzima. Aliposogeza mkono wa boya, kipimo kilikatika kabisa kwenye robo ya chini, kikarudi, kikakatika tena palepale. Sensa ilikuwa imekufa kweli. Akaandika vipimo vyote kwenye karatasi ya kazi, kisha akapiga simu kuagiza nyingine.