Foleni kwenye taa, nisimame wapi na boda?

SWALI: Mambo vipi wakuu, mimi napiga boda hapa Mwenge, tukifika kwenye taa wenzangu wote wanajipenyeza mpaka mbele kabisa ya malori. Mi naogopa, nikibaki nyuma abiria analalamika eti namchelewesha. Sahihi ni ipi?

JIBU: Poa kaka, na huo woga wako usiuache. Dereva wa lori kakaa juu sana, ukisimama chini ya pua yake hakuoni kabisa, taa ikiruhusu yeye anaondoka tu, na ubavuni ndo usiseme, maana akikata kona trela linabana kwa ndani na wewe upo hapohapo na abiria wako.

Ukisimama nyuma ya gari usikae katikati, kaa upande mmoja na uache nafasi, uone tairi zake za nyuma zinavyogusa lami, ili ukisikia breki zinalia huko nyuma uwe na pa kuchomokea. Sasa utachomokaje kama uko nyutro unachati? Weka gia namba moja, klachi umeibana, jicho kwenye saidimira, na breki uiguseguse ile taa nyekundu iwakewake mpaka gari la nyuma yako lisimame kabisa, hapo ndo upumue. Usiku hiyo taa ikiwa imeungua hakuna anayekuona, balbu yenyewe bei ya soda.

Abiria akilalamika mwambie ashuke apande daladala, wala usibishane naye.