Mbegu za mbuyu katika baridi ya Njombe

SWALI: Nilizipanda mbegu za mbuyu kutoka Dodoma kwenye viriba hapa Njombe mwezi Juni, lakini hazijaota. Je, zimekufa?

JIBU: Huenda baadhi bado ni nzima. Ganda la mbegu ya mbuyu ni gumu na huzuia maji kupenya, kwa hiyo likwaruze kwa tupa upande mmoja mpaka sehemu ya ndani ianze kuonekana, kisha uiloweke mbegu katika maji ya uvuguvugu kwa saa 24. Hata hivyo, baridi ya Juni huchelewesha uotaji, na mbegu iliyokwisha kunyonya maji huweza kuoza udongoni. Ni heri usubiri joto la Oktoba, utumie udongo wenye mchanga mwingi usiotuamisha maji. Miche ikichipua, tafadhali iingize ndani nyakati za baridi kali, kwani jalidi huiua.