Chaja ya pini mbili na ile kalamu: chomoa kwanza

Mkuu uliyeniandikia kutoka Mafinga, chomoa hiyo chaja sasa hivi ndo uendelee kusoma. Umeuliza kwa nini kichwa cha chaja kinachemka, halafu katikati umepitisha kama utani kwamba ni ya pini mbili za duara, unaiingiza kwenye ekstensheni kwa kusukuma kalamu tundu la juu, na usiku inalala na wewe kitandani. Hapo ndo nimeshindwa kupita kimya.

Kichwa kupata joto siyo kesi. Mle ndani volti 230 zinashushwa mpaka 5, au 9 na kuendelea kwa zile za fasta, na umeme kiasi unapotea kama joto. Ukiweza kuifumbata kiganjani poa tu. Ikikuunguza, ikinuka, ikilia nzzz au plastiki ikibadilika rangi, tupa. Hilo limeisha.

Sasa kalamu. Lile tundu la juu ni la eathi (waya wa usalama unaokwenda ardhini), na mguu mrefu wa plagi ya pini tatu ukiingia pale ndo unafungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Yaani ni mlinzi wa geti, na wewe kwa kalamu umeshamhonga. Pini za duara kwenye tundu la mstatili zinagusa pembeni tu, huku zinapanua vile vyuma vya ndani vinavyotakiwa kubana. Chaja yenyewe inavuta umeme kidogo, itatoa cheche chrr chrr utazoea. Balaa linakuja siku ukichomeka kitu kinachovuta umeme mwingi tundu hilohilo.

Mimi yalinikuta Uyole, Mbeya, na kalamu hiyohiyo, mwezi wa saba, lile baridi unalijua, ekstensheni nikaiingiza kabisa chini ya blanketi (usicheke, kulikuwa na mechi). Asubuhi nachomoa chaja nachomeka birika la umeme tundu lilelile. Birika la wati 2000 linavuta karibu ampea 9, zote zinapita kwenye chuma kilicholegea. Nikatoka nje kupiga mswaki, nasikia harufu ya samaki, nikasema jirani leo kaamka na hela. Kumbe ni plastiki inaungua! Narudi ekstensheni imekuwa kahawia, imeyeyuka imegandana na blanketi, simu iliyokuwa pembeni kwishney, na godoro lina shimo unapitisha ngumi. Godoro bado tunalo, tumeligeuza tu.

Na aliyenifundisha hiyo ya kalamu ni muuzaji wa chaja pale soko la Mwanjelwa, tena alinionyesha kwa madaha kabisa, kalamu sikioni kama fundi. Nilimuuliza mbona inachemka, akanijibu "inayochemka ndo inaingiza chaji, bro". Nimempelekea mabaki ananiuliza risiti iko wapi, chaja ya elfu tatu! Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa) bwana muuzaji, na ulale pema na kalamu yako.

Kwa hiyo pini mbili haiingii soketi ya pini tatu bila adapta inayobana, sijui una haraka, sijui mara moja tu, hapana. Na kubadilisha chaja peke yake hakutoshi maana tundu limeshapanuka. Chomoa ekstensheni ukutani kabisa, chungulia matundu kwa tochi. Ukiona weusi au plastiki imekunjamana usikwangue kwa kisu, itupe, na usije ukampelekea mdogo wako hosteli.