Bastola ya kaliba gani kwa shabaha na kuwinda? Jibu langu kwa mwenzetu wa Newala

Mkuu uliyeandika kutoka Newala umeuliza uchukue bastola gani kati ya 9mm, .38, .357 na .44 (kaliba ni unene wa risasi, 9mm ni milimita, hizo zenye nukta ni sehemu ya inchi), iwe ya kulengea shabaha wikiendi na hiyohiyo ukawapigie nguruwe pori wanaomaliza muhogo wako chini ya mikorosho. Naona wengi wamekujibu "chukua kubwa ndo mpango mzima". Ngoja na mimi niandike maana hiyo chukua kubwa ilinila hela na miaka kama mitatu hivi.

Mimi ni mtu wa Nachingwea, nimekulia kwenye gobore la mjomba lile la kushindilia, baadae nikapata udereva kwenye kambi moja ya uwindaji wa kitalii upande wa Liwale na huko ndo ugonjwa wa bastola ulinishika, wale wageni wa Kimarekani wakikaa kwenye moto jioni hawana stori nyingine. Kwao yapo majimbo mtu anaruhusiwa kuwinda kulungu kwa bastola, na mfalme wao ni .44 Magnum iliyotoka mwaka 1955. Nikameza yote. Kitu ambacho sikukitilia maanani ni kwamba walewale asubuhi wakipanda gari kumfuata nyati hakuna aliyebeba bastola, kila mtu na bunduki yake ndefu ya .375 begani.

Sababu ni nguvu tu mkuu. 9mm inatoka na kama jouli 500 hivi (jouli ndo kipimo cha nguvu), .357 inaweza kufika 700 na kitu, hiyo .44 wanayoisifia kama 1,200. Sasa ile bunduki ya .375 inapita 5,500. Yani bastola kubwa unayoiota usiku haifiki hata robo ya bunduki ya kuwindia nyati, na mtutu wake mfupi hauna kitako cha kuegemeza begani, ukikohoa tu risasi imeenda kwa jirani.

Mimi bwana nilipopata kibali nikanunua rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) ya .357, mtutu inchi nne, nikajiona nimemaliza. Siku ya kwanza kwenye kiwanja cha shabaha, mita kumi na tano tu, risasi sita zikaenda tatu kwenye ubao na tatu sijui wapi. Nikasema saiti mbovu, yani kile cha kulengea. Nikarudi wiki ijayo, hivyohivyo, nikampelekea fundi, fundi akasema saiti haina tatizo. Mpaka siku moja mzee mmoja mstaafu wa jeshi akaniomba nimpe rivolva anijazie yeye. Akageuka pembeni, akajaza, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta, pwaa. Ya pili nikavuta, ikalia "tak" tu, kumbe kaweka ganda tupu, na mtutu wangu wote ukainama chini kama mtu anayechota maji kisimani! Hakuna mlipuko wala teke (kule bastola kuruka nyuma ikilia), ila mkono wangu ulishaogopa teke kabla halijaja. Mzee hakusema neno, alicheka tu akaenda kunywa chai yake.

Ndo nikajua shida haikuwa saiti, ni woga, na woga ule niliununua mwenyewe pamoja na ile .357.

Kilichoniokoa ni kwamba rivolva ya .357 inakula na risasi za .38 Special, ambazo teke lake dogo sana. Hiyo 38 ni jina tu, kipenyo chake halisi ni .357 ya inchi vilevile, tofauti ganda la .357, ambayo jina lake kamili ni .357 Magnum, wameliongeza milimita 3 na kitu makusudi ili lisiingie kwenye rivolva ya .38 likaipasua. Kwahiyo .357 unaweza kuilisha .38, ila .38 usije ukajaribu kuilisha .357. Nikapiga .38 peke yake miezi mingi, na kabla ya hapo yule mzee akanilazimisha .22 yake kwanza, hii ndogo ya tangu 1887 ambayo watu wanaidharau wanaiita ya kupigia ndege. Mkuu, hata Olimpiki bastola ya mita 25 wanatumia hiyohiyo .22! Kufika mwezi wa pili wa mazoezi tundu zangu zote zilikuwa zinaingia kwenye kisahani cha chai.

Kwahiyo kwa shabaha: .22 kama utaipata, kama hutaipata 9mm, maana risasi zake ndo nyingi madukani na teke lake linavumilika. Na hapo uliza risasi kabla hujauliza bastola, risasi zenyewe unauziwa kwa kibali, ukinunua .44 halafu huku kusini ukakosa hata boksi moja utakuwa umenunua nyundo ya bei mbaya.

Nguruwe sasa. Kwa nguruwe achana na bastola kabisa, mi sijawahi kuona mtu huku akipewa kibali cha kuwinda na bastola. Nenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya umweleze hasara ya shamba, na chombo chenyewe ni shotigani namba 12, bunduki ya marisau. Nguruwe aliyejeruhiwa na 9mm kwenye kichaka usiku sikutakii, anarudi kwako huyo wala hakimbii. Kwetu wala hatumpigi kwa kitoweo, akianguka tunawapigia simu jamaa wa Ndanda wanaomla waje na pikipiki.

Halafu kama hiyo bastola utaihamishia Mtwara mjini, hewa ya bahari inakula chuma. Mimi niliacha rivolva kwenye pochi ya ngozi mwezi mmoja tu pale Mikindani, nikakuta kutu kwenye silinda na risasi zimeota ukijani. Siku hizi inalala kwenye sefu imepakwa mafuta, pochi inaning'inia tupu.

La mwisho, nunua viziba masikio siku hiyohiyo unayonunua bastola. Zile .357 za mwanzo nilizipiga masikio wazi nikijiona mwanaume, sasa sikio la kulia linalia kama nyenze usiku kucha, mama watoto akiongea upande huo mi naitikia tu "sawa", na juzi nimegundua nimeshakubali ndugu zake watatu waje kukaa msimu mzima wa korosho.