Peptidi Imefuta Mng'ao, Lakini Usishangilie Bado

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia kwa furaha. Kingamwili yake, yaani protini ya kinga inayotumika kuonyesha protini fulani kwa mng'ao, imeng'arisha vizuri makrofaji (seli za kinga zinazomeza vijidudu), akaichanganya na peptidi ya kuzuia, mng'ao ukazimika wote. "Sasa nina uhakika ni protini yangu," anasema. Ndugu yangu, pole kwa kukuharibia sherehe.

Peptidi ya kuzuia ni kipande kifupi cha protini, aghalabu kilekile alichochomwa sungura ili atoe kingamwili. Ukiiweka kwa wingi, inajaza mikono ya kingamwili kabla haijakutana na seli. Mng'ao ukizimika, umejua kwamba mikono hiyo ndiyo iliyokuwa inashika. Ilikuwa imeshika nini, hilo hujajibiwa. Mbwa ukimfunga mdomo akanyamaza, umejua ni yeye aliyekuwa akibweka. Hujajua alikuwa anambwekea nani.

Nalisema hili kwa uchungu kidogo. Katika maabara niliyofanyia kazi zamani tulikuwa na kingamwili ya sungura dhidi ya kipokezi kimoja (protini ya seli inayopokea ishara) cha monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu. Peptidi iliizima kila mara, na picha zilipendeza. Nikaomba tukate jeni ya kipokezi hicho kwa CRISPR, mkasi wa kukata jeni, kwenye seli za THP-1 (monosaiti za binadamu zinazooteshwa maabara), ndipo tuziamini picha hizo. Mkuu wangu akacheka mbele ya wenzangu: "Peptidi imeshajibu, unatafuta nini tena?" Nikazikata hizo seli jioni, wengine wakiwa wameshaondoka. Matokeo? Seli zisizo na kipokezi ziling'aa vilevile, na peptidi ikauzima mng'ao huo pia! Kingamwili ilikuwa inashika protini nyingine yenye sura inayofanana na ile peptidi. Mkutanoni picha yangu ilionyeshwa, jina langu halikutajwa. Basi, yamepita. (Hayajapita sana.)

Kwa hiyo nisikilizeni, ninyi mnaotaka kazi zenu zidumu. Kipimo cha peptidi kina thamani, ila soma zaidi kile kinachobaki kuliko kinachofutika. Hasa kwenye seli za kinga. Makrofaji, monosaiti na seli B zina vipokezi vya Fc, vinavyodaka mkia wa kingamwili: CD64, CD32, CD16. Peptidi inakaa mikononi, mkia unabaki huru. Ukiona mng'ao umebaki baada ya peptidi, shuku mkia kwanza, kisha seli zilizokufa, maana hizo hunasa karibu kila kitu. Ziba vipokezi hivyo mapema. Kwa seli za panya wengi hutumia kingamwili ya 2.4G2, kwa seli za binadamu IgG ya binadamu, aina ya kingamwili iliyo nyingi kwenye damu. Weka pia rangi ya kutambua seli zilizokufa.

Utaratibu wenyewe si mgumu. Gawa kingamwili ileile mara mbili: fungu moja na peptidi, mara tano hadi kumi kwa uzito, jingine na bafa tupu (kimiminika kisicho na peptidi). Ziache nusu saa kwenye joto la chumba au usiku mzima kwenye nyuzi 4, kisha zitie kwenye seli kwa wakati mmoja. Ongeza fungu la tatu lenye peptidi isiyohusika. Bila hilo mhakiki atakusumbua, na atakuwa na haki.

Halafu kata jeni. Narudia: kata jeni. Mwaka 2016 kundi la wataalamu lilipendekeza katika jarida la Nature Methods njia tano za kuthibitisha kingamwili, na ya kijeni imo. Peptidi haimo.

Jambo moja la mwisho kwa aliyeniandikia. Kingamwili nyingi za monokloni (zinazotoka kwenye ukoo mmoja wa seli) zinazotambua protini za juu ya seli zilipatikana kwa kuchanja panya na seli nzima, hivyo hushika umbo la protini iliyokunjwa. Kwa hizo kipande kifupi kilichonyooka mara nyingi hakizuii chochote, na mng'ao usipozimika haimaanishi kingamwili ni mbovu. Muulize muuzaji ilitengenezwa kwa kutumia nini kabla hujalipia peptidi.