Stika za chupa za juisi kubanduka kwenye friji

Kosa hapo ni karatasi. Chupa ikitoa jasho, karatasi inanyonya maji na kuvimba, na wino wa maji wa printa ya kawaida ya inkjet unachujuka. Laminesheni, yaani plastiki nyembamba ya kufunika juu, haikuokoi, maji yanaingilia pembeni. Agiza vinili nyeupe, ambayo ni plastiki laini ya stika, au plastiki ya polipropilini ambayo huwa na bei nafuu zaidi.

Muulize mchapaji mashine yake inatumia wino gani. Kama ni wa solventi, yaani uliochanganywa na kiyeyushi cha kemikali kinachotoka kama mvuke, chapa ikae wazi kama saa 24 ndipo ilaminetiwe. Mafundi wenye haraka wanaruka hapa: mvuke ukifungiwa ndani, gundi inalainika na kingo zinajikunja. Wino wa UV, unaokaushwa kwa mwanga wa urujuanimno, hukauka papo hapo.

Akate stika tu bila kutoboa karatasi ya nyuma, na kona ziwe za mviringo wa milimita 2 au 3, maana kona kali ndiyo hunyanyuka kwanza.

Bandika kwenye chupa kavu isiyo baridi, iliyofutwa kwa spiriti, ukianzia katikati kwenda pembeni. Kisha iache siku nzima kabla ya friji. Gundi haishiki yote mara moja.